Nyuzi Sita, Toleo la Malaba

Jumatatu, 10 Machi

Mvua bado. Vumbi la malori linaingia mpaka kwenye trei ya karatasi, na mashine inatoa kopi zenye madoa kama ndui. Daftari hili nimelishona mwenyewe kwa kopi zilizoharibika: upande mmoja fomu za forodha za watu, upande wa pili mimi. Asije mtu akasema napoteza karatasi.

Kilichonifanya nianze kuandika ni Toto. Huyo ni mama mkwe wangu, Anyait. Mimi ni Mkhayo wa Matayos, lakini nilipoolewa na Okurut huku kwa Wateso nilifundishwa kumwita mama kwa lugha yao, na sasa hata simu yangu inamjua kwa jina hilo. Ana miaka sitini na nne na mgongo ulionyooka kuliko wangu.

Leo alinipitia dukani na mihogo ya kuchemsha. Dereva mmoja Mganda alikuwa anangojea kopi za karatasi za mzigo wake huku akiimba kwa sauti ya chini. Toto akamwambia, "Hiyo unaiharibu. Mimi nilikuwa niwekwe kwa kava ya Nyuzi Sita, kwa hivyo najua."

"Nyuzi Sita ni nini, mama?"

"Gazeti la muziki. Kubwa. Mwezi wa kumi na mbili, elfu moja mia tisa tisini na nane."

Dereva akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza kama mama yuko sawa. Nami nikainamia mashine. Hadithi hiyo naisikia tangu niolewe, miaka kumi na moja sasa. Gazeti lenyewe hakuna aliyewahi kuliona; yeye husema mwandishi alimwambia toleo hilo halikuchapwa. Kule nyumbani Adungosi wanamwita Mama Kava, na hawamwiti hivyo kwa heshima.

Jumatano, 12 Machi

Wino umeisha. Mvua bado.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikwenda Busia kununua wino. Karibu na stendi kuna meza ya magazeti ya Mzee Ayub, ambayo siku hizi ina magazeti machache na soksi nyingi. Sijui nini kilinisukuma. Nikamsalimia, nikamuuliza habari ya saumu, halafu nikasema, "Mzee, uliwahi kusikia gazeti linaitwa Nyuzi Sita?"

Alicheka mpaka akakaa.

"Kusikia? Binti yangu, kutoka Bungoma mpaka Mbale, Nyuzi Sita nilikuwa mimi."

Akaniambia lilianza mwaka wa sabini na nne. Kila mwezi bunda lilishushwa kwenye basi na watu walikuwa wanalingoja. Kurasa za katikati zilikuwa na maneno ya nyimbo. "Watu walikuwa wanabishana maneno ya wimbo karibu wapigane, halafu wanakubaliana wangojee tarehe mosi gazeti liamue." Kulikuwa na ukurasa wa kujifunza gitaa, picha kubwa ya rangi ambayo kila kinyozi aliibandika ukutani, na ukurasa wa marafiki wa kalamu. "Hapa Busia najua ndoa nne zilizotoka kwenye ukurasa ule. Moja ni yangu na Ziada." Nusu ya bunda ilivuka kwenda Uganda kwa baiskeli. Yeye alikuwa wakala, na pia alituma habari za bendi za huku. Chini ya habari zake waliandika: Na mwandishi wetu wa mpakani.

"Sasa liliuawa na nini?"

"Redio za FM kwanza. Msanii akikohoa Nairobi, unasikia saa hiyo hiyo. Nani atangoja tarehe mosi? Halafu bei ya karatasi ikaja kumalizia." Akakung'uta vumbi kwenye soksi. "Na sisi wenyewe pia. Tuliacha kuandika juu ya watu waliokuwa wanatusoma."

Akaniuliza nani amenituma. Nikasema hakuna, ila mama mkwe wangu aliimba na Kizuizi Jazz pale Malaba, anaitwa Anyait.

Mzee Ayub alichukua gazeti lililokwisha kukunjwa akaanza kulikunja tena.

"Yuko hai?"

"Yuko. Na sauti yake iko."

Akainama chini ya meza, akatoa matoleo kumi na moja yaliyofungwa kwa kamba ya katani. "Mpelekee asome. Lakini usimwambie yametoka kwangu."

"Kwa nini, mzee?"

Alikuwa ameshamgeukia mteja wa soksi.

Jumapili, 16 Machi

Nimempa Toto magazeti baada ya kanisa. Nilisema nimeyapata kwa muuza vitu vikuukuu. Hakuniuliza zaidi. Alikuwa anachambua mbegu za njugu. Akaliweka la kwanza gotini na kuimba ukurasa mzima, akafungua mwingine, akaimba. Halafu akaomba kalamu nyekundu. "Huyu aliyeandika haya maneno alikuwa kiziwi," akasema, na kuanza kusahihisha.

Okurut alisimama mlangoni. Baadaye aliniambia mara ya mwisho kumsikia mama yake akiimba nje ya kanisa alikuwa darasa la nne.

Jumanne, 18 Machi

Toto amehamia dukani na bunda lake. Foleni ya malori haisongi, madereva wako hapa siku ya tatu, wengine bando za simu zimeisha. Mmoja akaona ukurasa wa nyimbo, akaomba kopi. Wa pili akaomba. Kufika saa sita walikuwa kumi na watatu mlangoni, wakiimba na karatasi mkononi kama kwaya ya mazishi iliyopata habari njema. Miaka sita nina duka hili, sijawahi kuona watu wakipanga foleni kwa kitu kisichohitaji muhuri.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua! Tumepanda mahindi na njugu, matope mpaka magotini. Toto anaimba kwenye mistari.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwambia Okurut: tutoe toleo letu. Kurasa kumi na mbili, mashine ninayo, na hadithi ya Kizuizi Jazz iwe ya kwanza. Alikuwa anaosha mikono, maana kazi yake ni kuziba matairi ya malori na grisi haimtoki hata Jumapili.

"Sylvia, nani anasoma gazeti siku hizi? Watu wana simu."

"Simu inakupa wimbo. Haikuambii kwamba aliyeuimba anauza mihogo mita mia moja kutoka ulipoegesha lori."

Akaendelea kusugua vidole. "Ukimweka mama kwa kava," akasema, "hakikisha gazeti linatoka. Mara ya pili hataweza."

Jumatatu, 31 Machi. Idd

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda Busia kumpa Mzee Ayub mkono wa Idd na kumwomba aniandikie hadithi ya bendi. Mama Ziada, mkewe, alinipakulia pilau mara mbili. Nilipoeleza habari ya toleo letu alifurahi, akasema, "Ayub, basi mpe na yale ya chini ya kitanda! Nimefagia miaka yote nikilizunguka lile bunda." Kabla mzee hajafungua mdomo alikuwa ameshalivuta, akakata kamba, akanipa moja.

Nyuzi Sita, Desemba 1998.

Lipo. Lilitoka.

Kwenye kava kuna mwimbaji wa ng'ambo mwenye miwani myeusi na mnyororo wa dhahabu. Niligeuza kurasa moja moja. Ukurasa wa kumi na nne, chini kabisa, kando ya tangazo la mafuta ya nywele, kuna picha ndogo kama stempu: mwanamke ameshika maikrofoni, kidevu juu. Huwezi kukosea kidevu kile. Chini yake: "Anna, mwimbaji wa Malaba."

"Mzee," nikasema, "ulimwambia halikuchapwa."

Mama Ziada aliacha kijiko hewani. Mzee Ayub alitoa kofia yake akaiweka gotini.

"Picha ya kava niliipiga mimi. Niliipeleka Nairobi kwa mkono wangu. Mhariri akaipenda, akasema Desemba ni yake, nikarudi mbio kumwambia. Halafu wiki ya kuchapa mwenye gazeti akasema uso wa mtu wa Malaba hautauza Krismasi. Wakanipigia simu kuniuliza kama nina neno. Nikasema sawa."

"Ulisema sawa?"

"Walikuwa wameniahidi kiti ofisini. Nikasema sawa." Alikuwa anaongea na kofia. "Bunda lilipofika nikaona picha yenyewe, na jina si lake. Na yeye ameshatangaza mpaka kanisani. Nikaona, akilishika hili mkononi atalia. Nikaficha bunda lote la Malaba, nikamwambia mashine za kuchapa zimefungwa. Uongo wangu ulingoja miezi mitano ukawa kweli, gazeti likafa. Kiti sikukipata. Malaba sikukanyaga tena."

Nilichukua nakala nikaondoka bila kuaga vizuri. Nilimkasirikia njia nzima. Nilipokaribia Malaba nikajiona mimi mwenyewe, miaka kumi na moja, nimeinamisha kichwa kila Toto anapofungua mdomo. Yeye angalau alijua ukweli. Mimi hata kuutafuta sikujaribu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kutwa. Gazeti liko ndani ya begi langu. Sijasema.

Jumatatu, 7 Aprili

Toto ameniuliza kama nimepata mwandishi. Nikasema bado natafuta. Mahindi yamefika kwenye kifundo cha mguu. Okurut nimemwambia, naye anasema tuache, mama ameshazoea. Lakini yeye hakai naye dukani, hamwoni anavyofungua yale magazeti.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimesema.

Ilikuwa alasiri, mvua imelegea, tuko wawili nyumbani. Nilimwambia yote kwa mfululizo, Mzee Ayub, simu, bunda, kitanda, kwa sababu nilijua nikipumua nitaacha. Nikampa gazeti likiwa limefunguliwa ukurasa wa kumi na nne.

Alivaa miwani. Aliangalia muda mrefu. Halafu alinirudishia, akachukua jembe, akatoka. Nilimwona kutoka dirishani akipalilia mstari ambao tuliupalilia jana. Manyunyu yakawa mvua. Hakurudi. Nilitoka na mwavuli nikasimama ukingoni mwa shamba kama mjinga, sijui kama nimwite.

Alipofika mwisho wa mstari alisimama wima.

"Nilitoka," akasema.

"Toto?"

"Nilitoka kwa gazeti. Wewe si umeona? Mwimbaji wa Malaba. Nilitoka!"

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshikilia mpini wa jembe, maji yakimtiririka usoni, na sikujua ni yapi ya mvua. Akaingia ndani, akabadilisha nguo, akala ugali na kunde sahani nzima. Alipomaliza akanawa.

"Kesho kutwa unanipeleka Busia."

Jumamosi, 12 Aprili

Alivaa suti ya kanisani, ya zambarau. Mzee Ayub alimwona tukiwa bado ng'ambo ya barabara, akasimama. Hakukimbia, kwa hilo namsifu.

"Ayub."

"Anyait."

"Ulificha ili nisilie."

"Ndiyo."

"Ningelia siku moja! Siku moja, Ayub. Kesho yake ningechukua hilo gazeti nizunguke soko lote la Adungosi, nikiwafungulia mmoja mmoja ukurasa wa kumi na nne. Badala yake nimekuwa mwongo miaka ishirini na saba. Hata kanisani nilipoomba kuimba peke yangu, watu walitazamana. Nikaacha."

Watu wa stendi walikuwa wamegeuka kutazama. Mzee Ayub hakujitetea. Alisema, "Nilikukosea. Na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kuja." Mama Ziada, aliyekuwa ameleta chai, aliiweka chini na kumshika Toto mkono, akaushikilia hivyo hivyo.

Toto alichukua soksi moja mezani, akaigeuza ndani nje kama anayekagua mshono.

"Bado unajua kuandika?"

"Kalamu ninayo."

"Basi utaandika habari za Kizuizi Jazz, zote. Na mimi nitasahihisha."

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita, mvua haijapita. Mzee Ayub anakuja Malaba mara tatu kwa wiki, suruali imekunjwa, kalamu nne mfukoni. Nilidhani watakaa kwa huzuni. Wanagombana kutwa kama watu waliolipwa.

Ameandika: "Alikuwa na sauti tamu ya asali." Toto akapiga mstari mwekundu.

"Asali ya wapi? Andika nilikuwa na sauti kubwa. Maikrofoni ilikuwa mbovu, ilibidi."

"Msomaji anataka utamu, Anyait."

"Msomaji ni dereva wa lori. Anataka kujua ukweli."

Wameandika jinsi bendi ilivyoanza: vijana wa forodha na wapakiaji mizigo, wakipiga karibu na kizuizi cha barabara, ndiyo maana ya jina. Gitaa la kwanza lilikuwa na waya wa breki ya baiskeli. Mpiga ngoma sasa ni mchungaji wa kanisa kule Namboboto. Amekubali atajwe, ila nyimbo za pombe tuandike kwamba hazikumbuki. Wa besi, Okiria, alihamia Soroti, na Toto alipata habari za kifo chake miaka mingi iliyopita. Mzee Ayub alimwandikia mistari sita mizuri sana. Hiyo Toto hakuigusa kwa kalamu. Aliisoma, akasema tu, "Alikuwa anachelewa kuingia, lakini akiingia unasahau."

Jumamosi, 26 Aprili

Leo kava. Mzee Ayub alileta ile picha ya mwaka wa tisini na nane, yenyewe hasa, ameihifadhi ndani ya Kurani ya baba yake. Ni nzuri mno. Okurut aliishika kwa ncha za vidole ili asiipake grisi.

Toto aliitazama, akatikisa kichwa.

"Hii weka ndani. Huyu mwanamke alingoja akachoka. Kava nipige mimi wa leo."

Nikampiga kwa simu yangu, amesimama mbele ya lori la mafuta, suti ya zambarau, kidevu juu. Nilimwomba atabasamu. Alikataa. Nilipoteremsha simu akatabasamu, na Okurut, aliyekuwa tayari na simu yake, akaipata hiyo.

Jumamosi, 3 Mei

Mashine ilichapa nakala mia moja na ishirini, ikapata moto mara nne, mara zote tukaipepea kwa kifuniko cha sufuria. Stapla imenitoa malengelenge. Lakini limetoka!

Foleni ya malori ilikuwa ndefu, Mungu ambariki aliyeichelewesha. Toto alipita na mwavuli, akigonga milango ya malori kwa mpini. "Boss, shuka usome." Walishuka. Walilinganisha kava na uso, uso na kava. Mganda mmoja alisema, "Nyabo, mama, kumbe ni wewe!" akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine. Wakaanza wimbo wa ukurasa wa saba, ule wa bendi yenyewe:

Dereva zima injini, njia haijakuita,
mpakani hakuna mgeni, sote hapa twapita.

Mzee Ayub aliimba akiwa ameegemea tairi, macho yamefungwa. Watu wa Adungosi walikuja pia. Mama wa pale sokoni aliyempa Toto lile jina la dhihaka alinunua mbili, akapiga hatua chache, akarudi. "Anyait, utatuimbia Jumapili?" Toto akasema ataangalia. Alikuwa ameshachagua wimbo tangu Alhamisi.

Zilibaki nne, na hizo Okurut amezificha.

Jumapili, 4 Mei

Ameimba. Peke yake. Mabati yalilia.

Ijumaa, 9 Mei

Simu imelia nikiwa katikati ya picha za paspoti. Namba ya Uganda.

"Nataka mhariri wa Nyuzi Sita."

Nilikohoa. "Ndiye mimi."

"Madam, gazeti lenu ni zuri. Dereva mmoja ameliacha hapa hotelini ninakokula. Lakini ukurasa wa tano kuna makosa."

Nikachukua kalamu. Nilijua tu, tarehe zile za Mzee Ayub. "Makosa gani, mzee?"

"Mmeandika nimekufa."

Kalamu ilianguka.

"Samahani, naongea na nani?"

"Okiria. Wa besi. Ile mistari ni mizuri, mke wangu amenisomea mara mbili, lakini ningependa msahihishe."

Mteja wangu wa paspoti anasema nilipiga ukelele. Mimi sikumbuki. Nakumbuka nimekimbia kwenye matope na kiatu kimoja mpaka kwa Toto, nikampa simu, nikasema, "Ongea." Alisikiliza. Akakaa chini palepale, juu ya gunia la mihogo. Kisha akaanza kumgombeza kwa Kiteso, kwa kasi nisiyoweza kufuata.

Jumamosi, 17 Mei

Alivuka daraja kwa miguu saa nne asubuhi, mzee mrefu, gitaa la besi mgongoni limefungwa kwa gunia la sukari. Toto alikuwa amesimama upande wetu tangu saa mbili. Mzee Ayub kando yake, ameshika karatasi ya masahihisho aliyokwisha kuiandika, kana kwamba Okiria angeikagua pale pale.

"Nimekulilia mbele ya kanisa zima!" Toto alimwambia kabla hajamaliza kuvuka. "Na sadaka nikatoa!"

"Asante," Okiria akasema. "Nilikuwa tu nimehamia."

Wakashikana, wazee watatu katikati ya njia, na askari wa mpakani aliyekuja kuwaambia wasogee akabadili mawazo akasimama nao.

Dukani hapakuwa na nafasi ila kati ya mashine na ukuta. Okurut alimletea kiti cha tairi. Okiria alikaza nyuzi, akasikiliza, akakaza tena, na Toto alikuwa ameshaanza ubeti wa pili kabla besi haijaingia. Ilipoingia, vioo vya dirisha vilitetemeka na fomu za watu zikaanza kuteleza kutoka kwenye rafu, moja moja. Nilikuwa na wateja watano mlangoni, mmoja ameshika cheti cha kuzaliwa. Nikazima mashine, nikawaambia waingie ndani.